Embe la Mbwawa: Kwa Meli au kwa Ndege?

Uingiapo mwezi wa Desemba, mashamba ya Mbwawa, huko Kibaha katika mkoa wa Pwani, hunukia maembe. Miembe huzaa kwa wakati mmoja, majirani huchuma kwa wakati mmoja, na masoko ya Dar es Salaam hujaa kwa wakati mmoja. Bei huanguka. Embe ambalo miezi mitatu kabla ya hapo lingetafutwa kwa taa, sasa huoza chini ya mti wake. Mkulima aliyepalilia na kupiga dawa mwaka mzima huona sehemu kubwa ya jasho lake ikigeuka chakula cha nzi.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, katika nchi za Ghuba na za Ulaya, embe ni tunda la thamani. Basi swali linalomjia kila mwenye kufikiri ni hili: embe hili litafikaje kule? Mbwawa ina bahati ambayo wakulima wa Kigoma au Rukwa hawana. Bandari ya Dar es Salaam na kiwanja cha ndege cha kimataifa cha Julius Nyerere vyote viwili viko mwendo wa saa chache kwa lori. Milango yote miwili ya kutokea nchini iko karibu. Lililobaki ni kuuchagua mmoja.

Wengi hujibu kwa haraka: ndege ni ya upesi lakini ni ghali, meli ni rahisi lakini ni ya polepole. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu ya jibu. Uchaguzi kati ya meli na ndege hutawaliwa na kanuni za maumbile na za hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzielewa. Tena, kama itakavyoonekana, uchaguzi huo haufanywi bandarini wala kiwanjani. Hufanywa shambani, kabla embe halijachumwa.

Somo la Pepo za Msimu

Kwa karne nyingi watu wa pwani hawakuwa na la kuchagua, kwani msafirishaji alikuwa ni upepo. Majahazi kutoka Arabuni yalikuja na kaskazi, ivumayo takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na kurudi na kusi, ambayo huanza kuvuma mwezi wa Aprili. Yalibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji, pembe, nazi na samaki wakavu. Hayakubeba maembe mabichi, na sababu yake ni rahisi kuiona. Msimu mkubwa wa maembe ya pwani huangukia katika miezi ya kaskazi, wakati upepo unaleta vyombo huku badala ya kuvipeleka kule. Kusi ilipofika, maembe yalikuwa yamekwisha. Hata kama yangalikuwapo, safari ya majuma kadhaa katika ngama yenye joto isingaliacha hata moja zima.

Kwa hiyo bidhaa zilizosafiri zilikuwa ni zile tu zilizoweza kusubiri. Historia ya usafirishaji tangu wakati huo ni historia ya kuongeza idadi ya vitu viwezavyo kusubiri. Mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin, iliyofungwa mtambo wa kugandishia, ilichukua mizoga ipatayo 5,000, mingi yake ikiwa ya kondoo, kutoka New Zealand hadi London katika safari ya siku 98. Nyama ilifika ikiwa nzuri. Meli ile haikuwa na kasi kuliko nyingine. Sayansi ya baridi ndiyo iliyoifanya nyama iwe na subira. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Tangu hapo shehena imeweza kutoka kiwandani hadi dukani ndani ya sanduku moja bila kupakuliwa na kupakiwa upya kila inapobadili chombo.

Kwa Nini Meli ni Rahisi

Tofauti ya nauli kati ya meli na ndege haikutokana na ukarimu wa wenye meli. Imetokana na fizikia. Kanuni ya Archimedes yasema kwamba kitu kinachoelea husukumwa juu na maji kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Kwa hiyo bahari huibeba meli bila malipo. Injini haina kazi ya kuinyanyua shehena. Kazi yake ni kuisukuma mbele dhidi ya ukinzani wa maji tu. Ndege nayo hubebwa na hewa, lakini hewa haimbebi asiyekimbia. Ni lazima injini zichome mafuta kila sekunde ili mabawa yaendelee kupata nguvu ya kuinua, na mafuta yenyewe ni mzigo unaobebwa.

Meli ya makontena huenda kwa mwendo wa takribani maili za bahari 18 kwa saa, yaani kilomita 33. Ndege ya mizigo hufikia kilomita zipatazo 850 kwa saa. Bahari ina kanuni nyingine ya kukumbukwa: nguvu inayohitajika kuisukuma meli huongezeka takribani kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Nahodha akipunguza mwendo kwa moja ya tano, nguvu inayotakiwa huwa 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani karibu nusu ya ile ya kwanza. Safari itarefuka kwa robo, lakini mafuta ya safari nzima yatapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana mafuta yapandapo bei, meli hupunguza mwendo, na mwenye tunda hungoja zaidi.

Kisha kuna suala la ukubwa. Mwezi wa Juni mwaka 2023 Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ndege ya mizigo ya aina ya Boeing 767-300F, iwezayo kubeba tani 54. Na ichukuliwe meli ya makontena 4,000 ya futi 20, kila moja likiwa na tani 10 tu. Hizo ni tani 40,000. Ndege ile ingehitaji safari 740 na zaidi ili kubeba shehena hiyo. Kwa kila tani inayosafirishwa kilomita moja, ndege hutoa hewa ya ukaa mara kadhaa ya kumi kuliko meli kubwa, jambo ambalo wanunuzi wa Ulaya sasa huliulizia.

Uzito na Ujazo

Msafirishaji mgeni hushangaa apimiwapo mzigo wa kilo 6 na kudaiwa nauli ya kilo 20. Hajaibiwa. Ndege inaweza kujaa kabla haijafikia uzito wake wa mwisho, na mzigo mwepesi lakini mkubwa huchukua nafasi ya mzigo mwingine. Kwa hiyo mashirika ya ndege hukokotoa uzito wa ujazo: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa 6,000. Hiyo ni sawa na kuhesabu kila mita moja ya ujazo kuwa kilo 167. Nauli hutozwa kwa uzito ulio mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa ujazo.

Mathalani, boksi la vikapu vya ukindu lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40 lina ujazo wa sentimita 120,000. Ukigawanya kwa 6,000 unapata kilo 20, hata kama mizani yasema 6. Boksi la maembe lenye sentimita 35 kwa 28 kwa 11 hutoa uzito wa ujazo usiofika kilo 2, ilhali mizani husema kilo 4 na zaidi. Basi embe hulipiwa kwa mizani.

Katika meli, mizigo midogo inayochangia kontena moja hulinganishwa kwa tani moja dhidi ya mita moja ya ujazo. Kwa kipimo hicho boksi lile la vikapu ni sehemu 12 tu katika 100 za mita moja ya ujazo. Mzigo mwepesi na mkubwa ambao hauharibiki, basi, ni mzigo wa meli.

Somo hili la ujazo laihusu korosho pia, zao jingine kuu la mkoa wa Pwani. Kilo 100 za korosho ghafi hutoa kiasi cha kilo 20 hadi 25 za korosho zilizobanguliwa. Anayesafirisha korosho ghafi hadi India au Vietnam hulipia nauli ya maganda katika robo tatu au zaidi ya shehena yake. Kiwanda cha kubangua kilichoko karibu na shamba huongeza thamani ya zao, na pia hupunguza ukubwa wa shehena kabla haijafika bandarini.

Saa Iliyomo Ndani ya Tunda

Embe lililochumwa halijafa. Lingali likipumua: huchukua oksijeni, huchoma sukari yake yenyewe, na kutoa hewa ya ukaa, maji na joto. Aidha, hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyahimiza matunda yaliyo jirani kuiva nayo. Ndiyo sababu embe moja bivu ndani ya boksi huwaharakisha wenzake wote, na ndiyo sababu si busara kuchanganya katika kontena moja matunda yanayotoa ethilini kwa wingi na yale yanayoathiriwa nayo.

Kasi ya upumuaji huo hutegemea joto. Kwa kadiri, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi, kasi huongezeka maradufu au zaidi. Embe lililokomaa lakini bado bichi, likiachwa katika joto la kawaida la pwani, huiva kwa muda wa kama juma moja. Likiwekwa katika nyuzi 13, huweza kutunzwa kati ya majuma mawili na manne. Ikiwa hewa ya ndani ya kontena nayo inadhibitiwa, oksijeni ikipunguzwa hadi sehemu 3 hadi 5 katika 100 na hewa ya ukaa ikiongezwa hadi sehemu 5 hadi 8, muda huo waweza kufika majuma matatu hadi sita.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini basi lisipozwe zaidi, hata nyuzi 4 kama nyama? Embe ni mtoto wa nchi za joto. Likikaa muda mrefu chini ya nyuzi 13 au 10, kutegemea aina na ukomavu wake, seli zake hudhurika. Ganda huwa na mabaka ya kijivu na vishimo, na tunda hukataa kuiva hata lirudishwapo kwenye joto. Parachichi huvumilia baridi zaidi, kiasi cha nyuzi 5, na halilainiki likiwa mtini. Hiyo ndiyo sababu parachichi za Kenya na za nyanda za juu za Tanzania zimeweza kwenda Ulaya kwa meli, wakati embe bado husitasita.

Sasa ramani na saa hiyo ya tunda viwekwe pamoja. Kutoka Dar es Salaam hadi bandari za Oman na Dubai, mwendo mtupu wa meli ni siku tano au sita. Ukiongeza kusubiri bandarini na kupitia bandari nyingine, majuma mawili hupita. Embe lililopozwa vizuri laweza kustahimili hayo. Hadi Ulaya Kaskazini kwa njia ya Suez, mwendo mtupu hukaribia siku 15, lakini pamoja na kubadilisha meli njiani safari hufika majuma manne au zaidi. Hapo embe huwa limefika ukingoni mwa uhai wake. Kwa hiyo embe lile lile, kutoka mti ule ule, laweza kuwa mzigo wa meli likielekea Muscat na mzigo wa ndege likielekea Frankfurt.

Hesabu ya Mfanyabiashara

Mwanafunzi na achukue kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme kilo moja ya maembe huuzwa ng'ambo kwa shilingi 1,000. Nauli ya ndege ni shilingi 600 kwa kilo na hasara ya njiani ni sehemu 5 katika 100. Nauli ya meli ni shilingi 100. Kwa ndege, mkulima hubakiwa na 950 kutoa 600, yaani 350. Kwa meli, ikiwa sehemu 10 katika 100 zitaharibika, hubakiwa na 900 kutoa 100, yaani 800. Meli imeshinda kwa mbali. Hata hasara ikifika sehemu 55, meli na ndege bado zitakuwa sawa.

Lakini hesabu hiyo ina mtego. Mnunuzi wa ng'ambo hakai akichambua maembe mazima kutoka katika yaliyooza. Shehena ikifika nusu imeharibika, aweza kuikataa yote, na mwenye mali akadaiwa pia gharama ya kuitupa. Hasara ya meli, basi, haipandi ngazi moja moja. Huruka kutoka sehemu 10 hadi 100. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wakasema tena chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hawakujipinga. Kila usemi una bidhaa yake.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana, nayo ni fedha iliyolala. Shehena iliyoko baharini mwezi mzima ni fedha isiyozaa, na ikiwa ilikopwa, riba inahesabiwa. Tuseme riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Kilo ya korosho iliyobanguliwa, yenye thamani ya shilingi 20,000, itapoteza 300 kwa mwezi, ilhali tofauti ya nauli ni 500. Korosho na ipande meli. Kilo ya vanila yenye thamani ya shilingi 200,000 itapoteza 3,000. Vanila na ipande ndege, ingawa haiozi. Kumbe kinachoita ndege si uozo peke yake. Thamani nayo huita.

Yale Yasiyoandikwa katika Ratiba

Ratiba ya meli si ahadi. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, ulifungwa kwa vita mwaka 1967 na haukufunguliwa tena hadi 1975. Tangu mwisho wa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliyafanya makampuni mengi ya meli kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, njia iliyoongeza maelfu ya kilomita kati ya Afrika Mashariki na Ulaya. Aliyekuwa amepanga safari yake kwa siku za mwisho za uhai wa tunda hakubakiwa na nafasi ya kupumua. Funzo ni kwamba anayechagua meli yampasa aache akiba ya siku.

Wala ndege haiponyi kila ugonjwa. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, ajulikanaye kama Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya, na baadaye akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mdudu huyo, na soko lile halikufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Embe lenye funza ndani litakataliwa hata likifika kwa saa kumi. Tiba zake ni mitego yenye chambo, kuzika matunda yaliyoanguka, na kuyaogesha maembe katika maji ya moto ya kiasi cha nyuzi 46 kwa muda wa saa moja au zaidi kutegemea ukubwa wake. Kazi hizo hazifanywi na rubani wala nahodha.

Njia Huchaguliwa Shambani

Hapa ndipo mambo yote yanapokutana. Embe la kwenda kwa meli lazima lichumwe likiwa limekomaa lakini halijaanza kuiva. La ndege laweza kuachwa mtini siku chache zaidi na likawa tamu zaidi. Lazima lichumwe na kikonyo chake, kwa kuwa utomvu huunguza ganda. Lazima lipate kivuli mara moja na baridi siku ile ile. Embe lililoshinda juani juu ya lori limekwisha kutumia siku zake za kusubiri, na kontena la baridi, hata liwe zuri namna gani, haliwezi kuzirudisha. Mtambo wa kontena huhifadhi ubaridi. Haukutengenezwa kupoza kwa haraka tani 20 za matunda ya moto.

Tani hizo 20 zataja jambo lingine. Kontena moja la baridi la futi 40 huchukua kiasi cha maboksi 5,000 ya kilo nne nne. Mkulima mwenye miembe thelathini hawezi kulijaza peke yake kwa siku moja. Ndege hupokea hata boksi moja; meli yataka wengi wapatane kuhusu aina ya embe, siku ya kuchuma na kipimo cha ukomavu. Kwa mkulima mdogo, basi, ushirika ni tiketi ya kupandia meli.

Mwaka 2025 bandari kavu ya Kwala, katika wilaya ya Kibaha, ilizinduliwa rasmi, ikiunganishwa na reli. Makontena sasa hushughulikiwa ndani ya eneo la Kibaha lenyewe. Lakini njia ya kisasa ikipita karibu na shamba haimsaidii mwenye embe lisilopozwa. Kinachokosekana kati ya mwembe na kontena ni chumba cha baridi, mizani, kipimajoto, na mtu anayejua kuvisoma.

Jaribio la Darasani

Mwalimu aweza kuyathibitisha mengi ya haya bila maabara kubwa. Yachumwe maembe tisa ya ukubwa mmoja, siku moja, kutoka mti mmoja. Matatu yawekwe mezani. Matatu yafungwe ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Matatu yawekwe ndani ya chungu kilichotumbukizwa katika chungu kikubwa zaidi, na mchanga ulioloweshwa ujazwe kati yake. Kwa kueneza jokofu la namna hiyo mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Kila siku saa ile ile, wanafunzi wapime joto, uzito na ulaini wa kila embe, kisha wachore grafu. Wasishangae chungu kikipoza kwa nyuzi chache tu: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na maji hayakauki upesi ndani yake kama yakaukavyo katika nchi kavu. Hilo nalo ni somo.

Mwishoni waulizwe: embe lipi lingefika Muscat kwa meli, lipi lingefika Frankfurt kwa ndege, na lipi lisingefika popote? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa grafu yake mwenyewe atakuwa na jambo la kumweleza mzazi wake kabla ya Desemba ijayo.